Vyura wa Virunga na udhaifu wa takwimu za spishi

Hifadhi ya Taifa ya Virunga, inayoanzia karibu na Goma, mashariki mwa Kongo, na kupanda kaskazini hadi milima ya Ruwenzori, huelezwa kwa takwimu zilezile kila inapotajwa: mwaka wa kuanzishwa 1925, kilomita za mraba zipatazo 7,800, spishi 706 za ndege, 218 za mamalia, 109 za reptilia na 78 za amfibia. Hizo mbili za mwisho ndizo zenye utata. Makala haya yanadai kwamba zinaeleza historia ya ukusanyaji kuliko hali ya wanyama wenyewe, na kwa hiyo hazifai kuwa kipimo cha ulinzi.

Sehemu kubwa ya tunachokijua inatokana na msafara wa Mbelgiji Gaston-François de Witte wa 1933 hadi 1935, ambaye matokeo yake kuhusu amfibia na reptilia yalichapishwa mwaka 1941. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilitegemea macho. Mchukue chura wa majini wa jenasi ya Xenopus: hana ulimi, vidole vyake vya nyuma vina kucha nyeusi, na ubavuni ana alama fupifupi kama mshono wa cherehani. Kwa kumtazama tu, ni rahisi kumwita jina moja popote apatikanapo. Kumbe jina hilo moja lilificha spishi kadhaa: Xenopus vestitus alitambuliwa na Raymond Laurent mwaka 1972, na Xenopus wittei, aliyepewa jina la de Witte mwenyewe, mwaka 1979; wote wawili wana kromosomu 72, ilhali Xenopus laevis ana 36. Orodha hukosea upande wa pili pia. Huko Itombwe, Kivu Kusini, Eli Greenbaum na Chifundera Kusamba waliripoti mwaka 2012 kupatikana tena kwa spishi nne za vyura zilizokuwa zimepotea machoni pa sayansi. Vyura hao hawakuwa wametoweka. Watafiti ndio waliokuwa hawafiki.

Watetezi wa mkakati uliopo watasema kwamba gorila akilindwa, viumbe wote walio chini yake hulindika. Kuna ukweli hapo: msitu usiokatwa kwa ajili ya makaa ya kupikia Goma huhifadhi pia unyevu wa majani yaliyooza ambamo vyura huishi. Lakini gorila wa mlimani wanaishi kwenye miteremko ya volkano za kusini tu, na hifadhi hii inashuka hadi chini ya mita 700 katika bonde la Semliki, kwenye joto linalowafaa reptilia wengi. Sensa ya 2015 na 2016 iliyohesabu gorila 604 katika safu nzima ya Virunga haituambii lolote kuhusu vinyonga wa Semliki. Zaidi ya hayo, mwaka 2008 iliripotiwa kwamba kuvu hatari ya ngozi ya amfibia imekutwa kwa vyura wa jenasi ya Hyperolius mashariki mwa Kongo. Doria yenye silaha haiizuii, na gorila haimgusi.

Pingamizi lililo zito ni la vita. Virunga imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994, walinzi zaidi ya 200 wameuawa, na Goma yenyewe ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Nani ahesabu vyura wakati watu wanakimbia makwao? Pingamizi hili lingeshinda kama kazi hiyo ingedai misafara mikubwa ya aina ya de Witte. Haidai. Vyura hujitangaza kwa sauti usiku wa mvua, na simu ya kawaida huweza kuzirekodi. Wataalamu wa kuzitambua wapo katika kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, si lazima waagizwe Ulaya. Palipo na mapigano pasiendewe, hilo halina mjadala. Pale panapofikika, ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, na watafiti wa Lwiro wachague madimbwi na vijito vichache, wavirudie vilevile msimu uleule kila mwaka, na waandike pia usiku ambao hawakusikia chura hata mmoja.