Bifu la Kool Moe Dee na LL Cool J

Bifu la Kool Moe Dee na LL Cool J ni ugomvi wa kisanii wa marapa wawili wa New York, Marekani, uliopamba moto mwaka 1987. Mchokozi alikuwa mkongwe. Kool Moe Dee, wa kundi la Treacherous Three la Harlem, alijijengea jina kwa kuwachana wapinzani ukumbini, enzi ambazo rap haikuwa na fedha za maana. LL Cool J, kijana wa Queens, alitoa albamu ya Radio mwaka 1985 chini ya lebo ya Def Jam, akawa nyota. Mkongwe akamtuhumu kuiga mtindo wa waliomtangulia bila kuwapa heshima yao. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, kwani waasisi wengi waliijenga sanaa hiyo na wasivune walichopanda. Jalada la albamu yake How Ya Like Me Now (1987) halikumung'unya maneno: Kool Moe Dee amesimama mbele ya gari aina ya Jeep, na chini ya gurudumu kuna kofia nyekundu ya Kangol, alama ya LL. Jibu lilikuja mwaka 1988 kupitia wimbo wa LL, Jack the Ripper.

Miaka kumi baadaye LL mwenyewe alikuwa mkongwe. Canibus, chipukizi aliyealikwa kwenye wimbo wake 4, 3, 2, 1 (1997), aligusia tatuu ya maikrofoni iliyo mkononi mwa mwenyeji wake. LL aliona amedharauliwa, akamchana kwenye wimbo huohuo. Canibus alijibu mwaka 1998 kwa wimbo Second Round K.O., akiwa na bondia Mike Tyson.