Miguu ya Mbele ya Volkswagen

Msomaji, huenda umeiona ile motokaa ndogo yenye mgongo kama wa kobe. Mwaka 1954 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza 1953; ikashinda tena 1957 na 1962. Wengi huisifu injini. Mimi huisifu miguu ya mbele: ndani ya mabomba mawili, moja juu ya jingine, vimelazwa vyuma vyembamba vilivyofungwa pamoja, navyo hujisokota gurudumu lipandapo jiwe, kisha hurudi.

Udhaifu ulikuwa katika pini za kugeuzia gurudumu, zilizotaka grisi mara kwa mara. Zilipokosa grisi ziliisha, usukani ukatetemeka. Basi fundi hodari aliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Lilipocheza, alimwambia mwanafunzi wake akanyage breki. Likiacha kucheza, kosa ni la beringi. Likizidi kucheza, ni la pini. Wangapi walibadilishiwa pini nzima, wakalipa, na beringi ikabaki imelegea!

Kuanzia motokaa za 1966 kiwanda cha Ujerumani kiliweka viungo vya tufe, mfano wa nyonga ya mtu. Kwa hiyo utazame kwanza mwaka wa motokaa, kabla hujaagiza pini.