Chati za podikasti: Nafasi ya kwanza si idadi ya wasikilizaji

MJI wa Keroka una serikali mbili za kaunti. Sehemu yake moja imo Kisii na nyingine Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti hizo zimevutana kuhusu mpaka na ushuru wa soko. Swali la nani ahesabiwe wapi si geni kwa wenyeji.

Swali hilo hilo humkabili mtu anayetayarisha podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachosikilizwa kupitia intaneti. Tuseme kijana wa Keroka ameanzisha kipindi kwa Ekegusii. Akiona kimeshika nafasi ya tano katika chati, je, amwambie mfanyabiashara anayetaka kutangaza bidhaa kwamba ana wasikilizaji wangapi?

Jibu ni kwamba chati haiwezi kumwambia. Chati huonyesha mpangilio wa vipindi tu, nani yuko mbele ya nani. Anayeongoza katika kitengo chenye vipindi vichache anaweza kuwa na wasikilizaji haba kuliko anayeshika nafasi ya 50 katika kitengo chenye ushindani mkali.

Kampuni ya Apple, iliyoanza kuorodhesha podikasti mwaka 2005, hueleza kwamba chati zake huzingatia mambo matatu: usikilizaji, wafuasi wa kipindi, na kiwango ambacho wasikilizaji humaliza kipindi. Nyota na maoni ya wasikilizaji hayahesabiwi. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, nayo huangalia wafuasi na wasikilizaji wa siku za karibuni. Kwa sababu hiyo, kipindi kipya kinachovutia wengi kwa wiki moja huweza kukipita kikongwe chenye wasikilizaji wengi, kisha kikashuka ghafla.

Kila chati huhesabu watumiaji wa programu yake pekee. Wakenya wengi hutumia simu za Android, hivyo chati ya Apple huwaacha nje wengi wao. Anayetumiwa sauti kwa WhatsApp naye haonekani popote.

Aidha, chati hupangwa kwa nchi. Hakuna chati ya Kisii wala ya Nyamira, na hakuna ya Ekegusii. Mzaliwa wa Keroka anayeishi Minnesota, Marekani, ambako kuna jamii kubwa ya Abagusii, huongeza hesabu ya Marekani akiwa na akaunti ya huko. Huko kipindi chake hushindana na maelfu ya vingine na hakionekani, ijapokuwa huenda wasikilizaji wake waaminifu zaidi wako ng'ambo.

Anayetaka kufuatilia nafasi ya kipindi chake aweke daftari. Kila wiki, siku ile ile, aandike tarehe, jina la chati, nchi, kitengo na nafasi. Kando yake aandike idadi ya mara kipindi kilivyopakuliwa, wafuasi wapya, na sehemu ya kipindi ambayo watu husikiliza kabla ya kuondoka. Takwimu za wafuasi na za usikilizaji hupatikana bila malipo katika akaunti za watayarishaji za Apple na Spotify. Faida ya daftari ilionekana mwaka 2024, huduma ya Chartable, iliyotegemewa na wengi kufuatilia chati, ilipofungwa.

Idadi ya kupakua nayo ina kanuni. Shirika la IAB Tech Lab limeweka kiwango kinachotumiwa na kampuni nyingi: sauti ya angalau dakika moja iwe imepakuliwa, na mtu mmoja akirudia kipindi hicho ndani ya saa 24 ahesabiwe mara moja. Takwimu za miji zisomwe kwa tahadhari, kwani anayetumia data ya simu akiwa Keroka huweza kuonekana kana kwamba yuko Nairobi.

Wapo pia wanaouza ahadi za kupandisha kipindi hadi kileleni. Wafuasi wa kununuliwa hawasikilizi, na kipindi kikigunduliwa huweza kuondolewa.

Kwa hivyo, kijana wetu akiulizwa na mfanyabiashara, amwonyeshe hesabu ya miezi mitatu: ni watu wangapi wamepakua kila kipindi, na ni wangapi wamekisikiliza hadi mwisho. Nafasi ya tano aitaje, lakini aitaje pamoja na tarehe, nchi na jina la chati.