Mwana na Siti: Maneno Mawili ya Taadhima Katika Historia ya Waswahili

Katika Kiswahili sanifu neno *mwana* huchukuliwa kuwa na maana ya mtoto. Lakini katika lahaja za kaskazini, hasa Kiamu, lilikuwa pia neno la kumtaadhimisha mwanamke muungwana, kama *bwana* kwa mwanamume. Asiyelitambua jambo hili hupotoka. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka wa 1858, si mtoto wa Kupona. Kupona ni yeye mwenyewe, babake ni Mshamu, na mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu.

Je, uungwana huo ulikuwa nini? Utendi wenyewe unatujibu. Mama anamuusia bintiye ashike dini, awe na adabu, auchunge ulimi wake na ajipambe kwa ajili ya mumewe. Aidha, anamwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wahakiki wanaousifu utendi huu kwa mafunzo yake ya adabu hawana budi kulizingatia onyo hilo pia. Linadhihirisha kwamba neno *Mwana* halikupima tabia peke yake. Nasaba ilitangulia, adabu ikafuata. Na wasaa wa kujipamba ulipatikana kwa kuwa kazi nzito zilifanywa na wanawake ambao hawakuitwa Mwana.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mabadiliko ya lugha yaliyofuata yanaonekana vyema katika jina la mwimbaji mmoja. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, na ujanani aliuza vyungu. Alipofahamika mjini kwa uimbaji wake aliitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Kwa jina hilo, Siti binti Saad, alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka wa 1928, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Taadhima iliyokuwa ya kurithiwa sasa ilipatikana kwa kipaji.

Leo *mwana* limesalia ndani ya majina kama Mwanaisha na Mwanahawa, wala halidai tena nasaba. Kwa hiyo mhariri wa tungo za kale asitosheke kulifasiri kwa neno "bibi" tu. Amweleze msomaji ni nani aliyeitwa hivyo, na ni nani aliyenyimwa.