Limetoka Sasa Hivi: Historia Fupi ya Kueleza Jambo Lililotukia Punde katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Utangulizi

Abiria anayefika kituoni Mbagala au Mwananyamala na kuuliza habari za daladala hujibiwa mara nyingi kwa maneno matatu: "Limetoka sasa hivi." Jibu hilo lina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba gari halipo. Ya pili ni kwamba halijafika mbali, na kwa hiyo linalofuata litachelewa. Kwa Kiingereza habari ya pili hubebwa na neno moja dogo, "just", linalopachikwa kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Kwa Kiswahili kazi hiyo haina neno moja maalumu. Imegawanywa baina ya vitenzi, viambishi na vielezi ambavyo kila kimoja kina historia yake.

Mhadhara huu unachunguza historia hiyo, na hasa yale yanayotokea lugha hizi mbili zinapokutana katika madarasa na mahakama za wilaya kama Kinondoni na Temeke. Suala lenyewe huonekana dogo. Hata hivyo, alama za mtihani, na pengine haki ya mtu, huweza kutegemea jibu la swali moja: je, jambo limekwisha kutukia, limetukia punde, au lilikuwa likitukia?

Kiambishi -me- na mipaka yake

Wamisionari walioandika sarufi za kwanza za Kiswahili, akiwemo Krapf mwaka 1850 na Steere mwaka 1870, walikuwa na sarufi za Ulaya vichwani. Ilikuwa rahisi kukiweka kiambishi -me- katika kisanduku kimoja na njeo timilifu ya Kiingereza. Ulinganisho huo ulisaidia wageni kujifunza, lakini uliacha kasoro. Mtu akisema "Mtoto amelala", hasemi lini usingizi ulianza. Huenda ni tangu adhuhuri. Vivyo hivyo "amesimama" na "amevaa kanzu" hueleza hali iliyopo, iliyotokana na tendo lililopita. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alilitambua jambo hili alipoeleza kuwa -me- hubeba ukamilifu wa tendo pamoja na hali inayotokana nalo. Upya wa tendo haumo ndani ya kiambishi chenyewe.

Asili ya kiambishi hicho inaeleza kwa nini. Wanaisimu historia wanakihusisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, ambacho mzizi wake ungali unasikika katika neno "maliza". Kitenzi hicho kilitanguliwa na mtenda na kufuatwa na kitenzi kingine, kikachakaa kwa matumizi, kikabaki silabi moja. Kabla ya hapo kazi ya ukamilifu ilifanywa na kiishio -ile, ambacho masalia yake yamehifadhiwa katika tenzi za kale za pwani ya kaskazini.

Safari hiyo imerudiwa mara ya pili. Kitenzi "kwisha", nacho kikiwa na maana ya kukamilika, kilianza kutumika kama kisaidizi: "amekwisha kufika". Kisha kikawa "amekwishafika", kikafupika kuwa "ameshafika", na katika mazungumzo ya mjini kimefikia "kashafika". Lakini "ameshafika" nayo haisemi kwamba mtu amefika punde. Inasema tu kwamba suala la kufika kwake limekwisha, na msemaji anaona kuwa msikilizaji alipaswa kulijua. Aliyefika alfajiri na aliyefika dakika hii wote "wameshafika".

Njia tatu za kueleza upya

Kwa kuwa ukamilifu peke yake hautoshi, Kiswahili kimejenga njia nyingine. Ya kwanza ni kitenzi "toka" kikifuatwa na kitenzi-jina: "Ametoka kula", "Nimetoka kuongea naye". Hapa wakati umechorwa kama mahali. Tendo ni nyumba, na mtenda ndiye aliyevuka kizingiti chake sasa. Kifaransa kina muundo wa aina hiyohiyo, unaotumia kitenzi cha kuja kutoka mahali. Kihispania kinatumia kitenzi cha kumaliza. Kwa hiyo anayedhani kwamba kila lugha huhitaji kielezi kama cha Kiingereza anakuwa amechukua desturi ya lugha moja na kuifanya kanuni ya lugha zote.

Njia ya pili ni "ndiyo kwanza", au "ndo" katika mazungumzo ya haraka. "Kwanza" lina uhusiano wa wazi na kitenzi "anza", nalo "ndiyo" hutia mkazo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kitenzi kinachofuata mara nyingi hakiwi katika hali timilifu: "Ndiyo kwanza anafika." Maneno hayo huweza kusemwa mgeni akiwa bado mlangoni, na huweza kusemwa akiwa amekwisha kukaa kitini. Msemaji anautazama mwanzo wa hali mpya, wala hauangalii mwisho wa tendo. Aidha, mara nyingi kuna utetezi ndani yake: anayesema "ndiyo kwanza nakaa" anaomba asitumwe tena.

Njia ya tatu ni vielezi: "sasa hivi", "punde", "hivi punde", "hivi karibuni". "Punde" lina pia maana ya kiasi kidogo, kama katika "mrefu punde". Kutoka udogo wa kiasi hadi udogo wa muda si mbali. Watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti wameipa "hivi punde" hadhi ya pekee kwa kuitumia kutambulisha habari iliyoingia chumba cha habari. Vielezi hivi vina sifa moja inayowatatiza wageni: vingi hutazama pande zote mbili. "Amekuja sasa hivi" ni wakati uliopita. "Nakuja sasa hivi" ni wakati ujao, na wakati mwingine ni ujao wa mbali kidogo. Kielezi hupima ukaribu na sasa, na kitenzi ndicho kinachoonyesha upande.

Mji unaokua na lugha yake

Usanifishaji uliofuata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioteua Kiunguja, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, uliweka maumbo kamili katika vitabu. Mji wa Dar es Salaam uliendelea na mkondo wake. Katika ardhi ya Wazaramo waliingia watu kutoka pande zote za nchi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 1,083,913 Kinondoni na 768,451 Temeke. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu 1,775,049 na 1,368,881. Baadaye Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka wilaya hizo mbili.

Katika mchanganyiko huo maumbo mafupi yalipata nguvu. "Kafika", "kaondoka", "ndo katoka" ni maneno ya kila siku vitongojini. Umbo hili la ka- si uharibifu ulioletwa na vijana, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Linasikika Unguja na Mrima pia, miongoni mwa wazee. Kilichotokea mjini ni kuungana kwake na vielezi vya upya hadi kuwa fomula: "kapita sasa hivi", "ndo kaingia".

Darasani na mahakamani

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilhali sekondari imeendelea kutumia Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayejua vema kusema "nimetoka kula" huweza kuandika kwa Kiingereza kwamba anakuja kutoka kula. Msahihishaji huona kosa, na kwa kweli ni kosa. Lakini halitokani na kutojua wakati wa tendo. Mwanafunzi ameueleza upya wa tendo kwa ukamilifu, kwa njia ya lugha yake. Akifundishwa kwamba kazi ya "toka" hufanywa na kielezi katika Kiingereza, atavuka kwa urahisi kuliko akikaririshwa tu mahali pa kukiweka kielezi hicho.

Mahakamani uzito huongezeka. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, mahakama za mwanzo ziliendesha shughuli kwa Kiswahili, lakini katika mahakama za juu yake kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza hata shahidi aliposema Kiswahili. Ichukuliwe kuwa shahidi mwenye duka anasema: "Ndiyo kwanza nilikuwa nafunga duka." Mwandishi akiweka kwamba duka lilikuwa limefungwa punde, mlango umefungwa. Akiweka kwamba lilikuwa likifungwa, mlango u wazi bado. Iwapo shauri linahusu aliyeingia dukani saa hiyo, tafsiri ya maneno mawili imeamua sehemu ya ushahidi kabla ya hakimu kuupima. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, yamepunguza hatari hiyo kwa mashauri mapya, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale inapolazimu. Kumbukumbu za miongo iliyotangulia zimebaki zilivyoandikwa, na anayezisoma hana budi kukumbuka kwamba nyuma ya kila "just" kuna msemo wa Kiswahili ambao haukuhifadhiwa.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa Kiswahili hakina upungufu katika kueleza jambo lililotukia punde. Kinatofautisha kilichokwisha, kilichotokewa na kilichoanza tu, tofauti ambazo kielezi kimoja cha Kiingereza huzifunika. Kamusi za lugha mbili zinaweza kusaidia kwa kuacha kutoa neno moja kwa neno moja na badala yake kuonyesha muktadha wa kila muundo. Walimu wa lugha zote mbili wanaweza kuanzia pale mwanafunzi alipo. Nao wakalimani wa mahakamani wanapaswa, kabla ya kutafsiri "ndiyo kwanza", kumuuliza shahidi swali moja la ziada: mlango ulikuwa umefungwa, au la?