Kutoka Bunduki hata Kamera

Msomaji, ukikaa Tassia, huna safari ndefu kumfikia simba. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, iko ng'ambo ya barabara iendayo Mombasa. Wageni huingia humo na kamera, wala hapana anayestaajabu. Lakini zamani mambo hayakuwa hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nchi ya Wamasai, karibu na Kilimanjaro. Kamera zake zilikuwa nzito, nazo zilitumia vipande vya kioo. Usiku zilihitaji unga wa magnesiamu, ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali wa ghafula. Ili simba aje mbele ya kamera, alimfunga ng'ombe au punda awe chambo. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1905, na jina lake lilitaja mwanga huo pamoja na bunduki. Kwa maana mtu huyo alipiga picha, na kuua pia.

Fikiri basi: vioo vile, vyepesi kuvunjika, vilichukuliwa na wapagazi kwa miguu. Watu wa Ulaya walizisifu picha na mpigaji wake; wapagazi hawakuwajua.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kamera ikashika mahali pa bunduki. Nawe utazamapo picha za kale za simba, mkumbuke na ng'ombe aliyefungwa, na mtu aliyechukua mzigo.