Shanga za Kioo na Hukumu ya Wahenga

Kwa muda mrefu tumesimuliwa kwamba wageni waliofika pwani ya Afrika Mashariki waliwalaghai wahenga wetu kwa shanga: walitwaa pembe za ndovu, wakaacha vipande vya kioo visivyo na thamani. Masimulizi hayo hayakosi ukweli, kwani shanga zilinunua pembe, na zilinunua hata watu. Lakini yakichukuliwa peke yake, huwageuza wahenga kuwa watoto wasiojua walichokitaka. Shanga zenyewe zatoa ushahidi mwingine.

Biashara hii ni kongwe. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kiitwacho Periplus, chataja vijiwe vya kioo vya namna nyingi miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika bandari za pwani hii. Huko Unguja Ukuu, mji uliostawi tangu karne ya 7, shanga nyingi zimefukuliwa, na uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba sehemu kubwa yake ni kioo cha Asia ya Kusini. Kilwa Kisiwani nako, alikochimbua Neville Chittick katika miaka ya 1960, ardhi ilitoa shanga kwa wingi. Kusini zaidi, katika bonde la mto Limpopo, mahali paitwapo K2, mafundi wa Kiafrika wa miaka 1,000 hivi iliyopita waliyeyusha shanga ndogo za ng'ambo katika kalibu za udongo, wakafanya shanga nene kwa umbo walilolipenda wao. Mtu anayelaghaiwa kwa kitu hakitii motoni akakiumba upya.

Katika karne ya 19 shanga nyingi zilitoka Venice. Richard Burton, aliyesafiri bara kuanzia mwaka 1857, aliandika kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali ilipopendwa. Shanga nyekundu ziliitwa samesame. Ziliitwa pia kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Henry Morton Stanley naye, mwaka 1871, alitaabika kujua achukue zipi. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, penginepo hazikuwa na kazi. Zile kubwa mfano wa yai zilithaminiwa Ujiji, kwingineko zikakataliwa. Msafiri aliyekosea kuchagua alibebesha wapagazi mizigo isiyomnunulia hata chakula. Basi ni nani aliyekuwa hakimu wa bidhaa hii? Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na shanga za wageni zilitembezwa mno kabla ya kupata soko.

Nasi tuliorithi mikufu hiyo yatupasa kuitambua. Ushanga wa kioo ni mzito na baridi ukiugusisha shavuni. Wa plastiki ni mwepesi na hauna ubaridi huo. Tutazame kisha viputo na michirizi ndani ya kioo. Vikifuata urefu wa tundu, ushanga huo ulitokana na bomba la kioo lililovutwa likiwa moto, kisha likakatwa vipande. Vikizunguka tundu, fundi aliuzungushia kioo laini kwenye waya. Penye alama ya mshono ubavuni, ushanga ulibanwa katika kalibu, kama zilivyofanywa nyingi za Bohemia. Samesame nyingi za karne ya 19 ni nyekundu nje na nyeupe ndani. Ndugu zao wa zamani zaidi wana moyo wa kijani.

Hata hivyo, alama hizi hazitoshi. Ufundi wa kuvuta kioo ulijulikana India kabla ya kustawi Venice, na umbo moja laweza kudumu karne nyingi. Kinachotupa uhakika zaidi ni mahali ushanga ulipolala: tabaka gani la udongo, pamoja na vigae gani, katika nyumba au kaburi la namna gani. Ushanga ulionyofolewa ardhini na kuuzwa kwa mtalii huleta fedha ya siku moja, na habari zake hupotea milele. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mabaki bila kibali na kuyatoa nchini bila idhini.

Lugha yetu husema kutunga ushanga, na husema kutunga shairi. Katika yote mawili uzi ukikatika, vilivyotungwa hutawanyika. Uzi wa shanga zetu ni habari zake. Mwenye mkufu wa bibi na aandike ulivaliwa na nani, katika ngoma au arusi gani, na kila rangi iliitwaje. Aliyeona shanga katika magofu na aziache zilipo, awaarifu wahusika wa mambo ya kale. Tukifanya hivyo, wajukuu wetu watawajua wahenga kuwa ni watu waliopima, wakachagua, na wakakataa.